Mikono Yangu Ilipotulia

Asifiwe Bwana, aliye mwema asubuhi na aliye mwema jioni! Asifiwe kwa pumzi hii ninayovuta sasa! Asifiwe kwa moyo huu ambao zamani ulikimbia hata nikadhani utanitoka kifuani, naye akaushika! Ndugu zangu mnaosoma haya, na nyinyi mtakaosomewa kwa sababu macho yenu yamechoka kama yangu, nawasalimu kwa furaha kubwa. Mimi ni mama wa watoto wanne, nyanya wa wajukuu ambao siwezi kuwaita bila kuchanganya majina yao, na mmoja wa wazee wa kanisa letu la mabati kule Kayole. Watu huniita Mama Zipora, kwa jina la kifungua mimba wangu.

Niwaambie mapema jambo ambalo wengine hulificha. Kila asubuhi nameza kidonge. Cha leo nimekwisha kukimeza, na maji nikayanywa, na nikashukuru. Kama unatafuta ushuhuda wa mtu aliyetupa dawa zake chooni, huu si wenyewe. Lakini usiondoke, ndugu yangu! Bwana alinitoa katika kifungo ambacho kidonge hakikuweza kukifungua, na nisipolisema jambo hili nitapasuka.

Sisi tulitoka upande wa magharibi. Baba Zipora alitangulia Nairobi, akapata kazi katika kiwanda cha sabuni Industrial Area, na nilipomfuata nilimkuta akinukia maua kutwa. Nilimtania kwamba nimeolewa na bafu la tajiri. Tulipanga nyumba Kayole, na mbele ya mlango niliweka cherehani yangu. Kazi yangu ilikuwa kushona kanzu, maana kanisa letu ni la kanzu nyeupe na vilemba. Jumapili tunatoka kwa ngoma, tunaandamana mtaa kwa mtaa tukiimba mpaka kanisani, na mbele ya wote huenda mwenye bendera.

Siku hizo bendera haikubebwa na mtu yeyote tu. Ilibebwa na yule ambaye Roho alionekana juu yake. Na katika kanisa letu hatukuuliza sana Roho huonekanaje. Tulijua. Mtu hutetemeka. Mikono yake huwa moto. Jasho humtoka hata katika baridi ya Julai. Usingizi humkimbia, naye haoni shida, anaomba tu.

Ndugu zangu, mnaanza kuona ninakoelekea?

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini moto ule uliponishukia. Ah, mwaka ule! Niliamka kabla ya majogoo na sikuchoka. Nilishona, nikafua, nikafua na za jirani bila kuombwa, nikasugua ngazi za nyumba nzima mpaka mwenye nyumba akauliza ni nani amemwajiri huyu. Wengine walipojifunika blanketi, mimi nilikuwa nikifungua dirisha. Nikiinua mikono kuomba, ilitetemeka kama jani la mpapai. Nikimwekea mtu mikono kichwani, alisema, "Mama, unaunguza!" Jumapili moja hapakuwa na upepo hata wa kuzima njiti ya kiberiti, lakini bendera mkononi mwangu ilikuwa ikitikisika kutoka juu hadi chini. Vijana waliozoea kukaa kwenye kona karibu na Spine Road waliangua kicheko.

"Niaje, mathe!" mmoja akapaza sauti. "Cheki, bendera inajipepea! Huyu mathe amewekwa stima!"

Nasi tukaimba zaidi. Kwetu lile halikuwa tusi hata kidogo. Nilikuwa na stima, umeme wa mbinguni!

Watu wakaanza kuja nyumbani. Walikaa kwenye benchi kando ya cherehani, mwenye kichwa kinachouma, mwenye mume mlevi, mwenye mtoto asiyepata kazi, wakingoja niwaguse kwa ile mikono ya moto. Kiongozi wa akina mama kanisani alikuwa Mama Laban, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha ngoma. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya wote akatangaza, "Huyu sasa ni chombo!" Nami nilikubali. Kwa nini nisikubali? Nilimpenda Bwana tangu utotoni, na sasa nilimsikia hadi kwenye vidole.

Baba Zipora peke yake ndiye aliyekuwa akiitazama sahani yangu.

"Mke wangu," aliniambia siku moja, "unakula ugali kama mjenzi wa ghorofa, na bado kanzu inakuning'inia kama iko kambani. Hicho chakula kinaenda wapi?"

"Roho anakitumia," nikamjibu, na sikuwa nikitania.

Kushona kulianza kunishinda. Sikuweza kuingiza uzi kwenye sindano. Ilibidi Zipora aniingizie kabla ya kwenda shule. Na jirani yetu Mama Hawa, Mwislamu aliyekuwa akiniletea kitambaa cheupe kutoka Eastleigh, aliniangalia nikijipima kanzu mpya akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama Zipora, mwili wote umekonda, shingo peke yake ndiyo imenenepa! Hiyo shingo unailisha nini?"

"Nyimbo!" nikasema.

Kifungo cha shingoni hakikufunga, nikakisogeza. Baadaye nikakisogeza tena. Fundi ni mimi mwenyewe, nani angeniuliza?

Kisha moto ukafifia. Sijui niwaelezeje, ndugu zangu. Haukuzimika ghafla, ulipoa kama jiko la makaa ambalo hakuna aliyelimwagia maji. Mwili ukawa mzito kama nguo iliyolowa. Uso ukavimba. Nywele zikabaki kwenye kitana. Sauti yangu ikawa nene, nikiitikia hodi watu wakadhani ni Baba Zipora. Nilivaa sweta juu ya sweta saa sita mchana, na nilisinzia huku kichwa kikiwa juu ya cherehani. Na mikono yangu ikatulia. Ikatulia na ikawa baridi. Mwanamke mmoja alimleta mtoto mwenye homa, nikamwekea mikono kwenye paji la uso, na yule mama kwa upole wake akasema, "Asante, Mama. Angalau umempoza."

Nacheka sasa. Siku ile nililia.

Kanisani wakaanza kunong'ona: Roho amemwacha. Mama Laban alikuja kuichukua bendera, na machozi yalikuwa yakimtoka. Nataka mjue hakuwa mtu mbaya. Alifunga chakula kwa ajili yangu mpaka midomo yake ikakauka. "Tubu, dada yangu," aliniambia. "Chunguza moyo. Kuna mahali." Nikachunguza. Nikatubu dhambi zangu zote, na zilipoisha nikaanza kutubu za majirani.

Halafu, baada ya miezi, bila sababu, moto ukarudi! Jasho likarudi, mikono ikatetemeka, bendera nikarudishiwa kwa vigelegele. Kisha ukapoa tena. Kisha ukarudi. Nilipanda na kushuka kama ndoo ya kisimani, na kanisa lilipanda na kushuka pamoja nami.

Hospitali hatukukatazwa, lakini tulienda kwa mlango wa nyuma. Nilizunguka zahanati nyingi. Huyu alisema ni malaria. Yule alisema taifodi. Mwingine akasema presha, mwingine akasema ni mawazo, akaniuliza kama mume wangu ananipiga, na Baba Zipora alikuwa ameketi pale pale na mfuko wangu magotini. Kibaya ni kwamba kila dawa ilionekana kufanya kazi! Nilitibiwa malaria wakati mwili unaanza kupanda wenyewe, nikapanda, nikamsifu yule daktari mbele ya kanisa zima. Uliposhuka tena, sikuwa na wa kumlaumu ila mimi.

Na mnakumbuka miaka ile. Mtu akikonda, watu walijua jina moja tu la ugonjwa. Kuna waliokuja kunisalimu wakakataa chai. Nilipimwa, sikuwa nao, lakini nani huzunguka mtaani na ngoma kutangaza majibu ya namna hiyo?

Hayo yote ningeyabeba. Nawaambia kweli, maumivu ya mwili ningeyabeba. Kilichonimaliza ni kwamba nilikuwa nimefundishwa, nami nikajifundisha zaidi, kumpima Mungu kwa mikono yangu. Ikitetemeka, yupo. Ikitulia, ameondoka. Kila nilipoamka, kabla sijafungua macho, nilinyoosha vidole chini ya blanketi nione kama nina Mungu leo. Hicho ndicho kifungo changu, ndugu zangu! Hicho!

Basi ikaja Jumapili nilipoanguka. Nilikuwa juu, juu kuliko siku zote. Ngoma ilikuwa ikienda taratibu, na moyo wangu ukaipita, ukakimbia, ukaiacha nyuma kabisa. Nikaona kanzu zote zimekuwa mwanga mmoja, miguu ikakatika. Iliyoinuliwa kwanza ilikuwa bendera. Wa pili nilikuwa mimi. Watu walidhani nimezidiwa na Roho, wakanizunguka wakiimba, na ngoma ikaongezeka kasi. Baba Zipora ndiye aliyepiga kelele, yeye ambaye kwa kawaida hata mbuzi hamfokei.

"Nyamazeni! Midomo yake ni ya bluu! Nyamazeni!"

Akaninyanyua mikononi, na jirani mwenye pikapu ya kubebea viazi akatupeleka hospitali kubwa ya serikali.

Nilipopata nafuu kidogo, daktari alikuja. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni.

"Mama, nyoosha mikono."

Nikanyoosha. Akaweka karatasi juu ya vidole vyangu, na karatasi ikacheza.

"Daktari," nikasema, "huyo ni Roho."

Hakucheka. Mungu ambariki popote alipo, hakucheka. "Sawa, mama. Sasa meza mate." Akanishika shingo kwa vidole vyake, polepole, kama mtu anayechagua embe. Kisha akaitazama kanzu yangu. "Nani amesogeza hiki kifungo?"

"Ni mimi. Mimi ni fundi."

"Umekisogeza mara ngapi?"

Sikukumbuka. Nilianza kuogopa.

Alinieleza, baada ya damu kupimwa na kupimwa tena, kwamba ndani ya shingo kuna tezi ndogo inayoamua mwili uende mbio au uende taratibu. Wakati mwingine mwili hukosea, huiona tezi yake kuwa adui, ukaishambulia. Tezi ikichokozwa hivi, humwaga nguvu nyingi kupita kiasi. Ikichokozwa vile, hulala.

"Na huo ugonjwa unaitwaje?" nikamuuliza. Nilitaka jina! Miaka yote ile nilitaka jina, nilishike, nilipeleke kwenye maombi nikalikemee.

"Hapo ndipo pagumu, mama. Kuna wa kupanda, kuna wa kushuka. Wewe unapanda na kushuka. Damu inaniambia jambo moja, na hadithi yako inaniambia mawili. Nikikupa jina leo nitakuwa nabahatisha."

"Kwa hiyo hujui?"

"Ninajua ulipo. Sijui bado unaelekea wapi. Utarudi, tutapima, utarudi tena." Akanipa vidonge. "Hivi vitautuliza moyo. Na hiyo mikono, mama, itaacha kutetemeka."

Alidhani amenipa habari njema.

Tulifika nyumbani, nikaviweka vidonge kabatini nyuma ya unga, nikakaa kitandani. Baba Zipora alileta maji.

"Meza."

"Simezi."

"Mama Zipora, daktari amesema."

"Daktari amesema kutetemeka kutaisha! Hukusikia? Kutaisha! Kama kidonge kidogo hivi, kama punje ya mtama, kinaweza kumfukuza, basi aliyekuwa ndani yangu miaka hii yote alikuwa nani? Na wale watu niliowagusa? Na maombi yangu? Yalikuwa shingo?"

Aliyaweka maji chini. "Mimi ni mtu wa sabuni," akasema. "Hayo siyajui. Ninachojua ni kwamba sitaki kukuzika."

Lakini sikumeza. Siku ile, na iliyofuata, na nyingine. Moyo ulikuwa ukigonga hata shuka ikawa inatikisika, na sikumeza. Afadhali nife na Mungu kuliko niishi bila yeye! Ndivyo nilivyofikiri. Nilikuwa nimempenda hivyo, na nilikuwa nimepotea hivyo.

Wazee wa kanisa wakasikia, wakaja. Aliongoza Mzee Enoka, mzee kuliko wote, aliyeanzisha kanisa letu na ngoma moja chini ya turubai. Mama Laban alikuwapo, na wengine wawili. Kwa heshima Baba Zipora alitoa vikombe vya wageni, vile vyenye visahani, akamimina chai.

Mama Laban alianza. "Dada yetu, hatukukatazi. Lakini wewe ulikuwa chombo. Dawa na Roho havikai chombo kimoja. Ukimeza hivyo, usije ukasema hatukukwambia."

"Na asipomeza akafa?" Baba Zipora akauliza. "Mtasema nini kaburini? Mtapiga ngoma?"

"Baba Zipora, taratibu!"

"Taratibu ndiyo imetufikisha hapa, Mama Laban!"

Kukawa kimya kibaya. Na katika kimya kile, ndugu zangu, tukasikia sauti. Tikitikitiki. Tikitikitiki. Ilikuwa kikombe changu juu ya kisahani chake, maana mikono yangu ilikuwa ikitetemeka. Lakini nilipokiweka chini mezani, sauti iliendelea! Tikitikitiki. Sote tukageuka. Ilikuwa kikombe cha Mzee Enoka.

Sijui nilipata wapi ujasiri. "Mzee," nikasema, "na wewe umeshukiwa?"

"Mimi?" Akaitazama mikono yake kama mtu anayewatazama watoto watundu. "Aa, binti yangu, huu ni uzee! Mama wa kule nyumbani hunijazia kikombe nusu tu, anasema nyingine ni ya shati."

Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe alitazama mikono yake, akatazama yangu, akarudi kwenye yake.

"Lakini Mzee," Mama Laban akasema kwa sauti ya chini, "wa kwako ni tofauti."

"Tofauti gani, Mama Laban? Kikombe hakijui."

Akaanza kucheka. Alicheka kicheko cha wazee kisicho na meno, mabega yakapanda na kushuka, chai ikamwagikia kisahani, na Baba Zipora akacheka, nami nikajikuta nacheka na kulia pamoja! Alipopata pumzi, Mzee Enoka alinishika mikono. Mikono minne ikatetemeka pamoja kwa sababu mbili.

"Binti yangu, nilipokuwa kijana Roho alinishika nikatetemeka. Kweli kabisa. Sasa natetemeka kila asubuhi nikitafuta viatu, na hakuna anayenipa bendera. Je, Bwana ameniacha? Hajaniacha. Basi kama hakuja na huku kutetemeka kwangu, hataondoka na kwako. Leteni hivyo vidonge."

Alivishika kiganjani akaviombea, navyo vikaruka ruka humo kama mahindi kikaangoni. Akaniomba nifungue mdomo kama mtoto. Nikameza! Mbele ya wazee wa kanisa, kwa maji ya kikombe cha wageni, nikameza!

"Na bendera, Mzee?" Mama Laban akauliza mlangoni wakiondoka.

"Bendera itabebwa na mwenye mikono ya kuibeba siku hiyo."

Haleluya! Lakini msidhani hapo ndipo mwisho. Mikono yangu ilitulia, ndiyo. Moyo ulitulia. Niliingiza uzi kwenye sindano mwenyewe, Zipora akashangilia. Na ndani yangu kukawa kukavu. Niliimba Jumapili katikati ya wengine, bila joto, bila jasho, nikawaza: mzee alisema kwa upendo, lakini je, ni kweli?

Kisha mwili ukashuka tena. Ulishuka kuliko wakati wowote, ndani ya shimo lenye baridi. Daktari alipunguza dawa, akapima, akabadilisha, akakiri kwamba hata yeye anashangaa. Nililala mchana kutwa kando ya ukuta kama gunia. Sikuweza kufunga, sikuweza kupiga magoti, sikuweza kuimba, maana sauti ilikuwa nzito na kumbukumbu imekwenda. Nyimbo nilizoziimba tangu utoto zilinikatikia katikati.

Alasiri moja watoto walikuwa shuleni. Huko nje mtu alikuwa akiuza makaa, redio ya jirani ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Nikasema, kwa ulimi ulionenepa, "Baba, niko hapa. Sina kitu cha kukupa leo. Hata kutetemeka sina."

Naye alikuwapo.

Ndugu zangu, alikuwapo! Hapakuwa na moto. Hapakuwa na sauti. Mikono yangu ilikuwa baridi juu ya blanketi, imetulia tuli. Lakini alikuwapo, kama vile unavyojua mtu wako yumo chumbani hata kama amekupa mgongo na hajasema neno tangu asubuhi. Na nikajua kwamba hakuwa ameingia wakati ule. Alikuwa amekaa pale siku zote! Nilipokuwa juu alikuwapo, na nilipokuwa chini alikuwapo, na nilipokuwa nikitafuta vidole vyangu chini ya blanketi alikuwa akinitazama, maskini mimi, nikimtafuta mahali ambapo hakai.

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti mpaka kitanda kikalia. Mama Hawa, aliyekuwa akipita na bakuli la uji alioniletea, akaingia bila hodi.

"Mama Zipora! Unacheka peke yako? Niite watu?"

"Yupo!" nikamwambia.

"Nani yupo?"

"Yeye! Yupo!"

Akachungulia nyuma ya pazia. Halafu akaelewa, akaweka bakuli chini, akashika kifua. "Kumbe! Alhamdulillahi! Basi kama yupo, kunywa uji, hataki ufe njaa."

Niliunywa wote.

Katika kanisa letu ushuhuda ulitolewa na mtu aliyepona. Hiyo ilikuwa desturi. Ugonjwa uishe kwanza, ndipo usimame. Mimi nilisimama wakati bado natembea kwa kushika viti. Mzee Enoka akaniuliza kutoka kiti chake, kama ilivyo kawaida, "Umepona, binti?"

"Hapana, Mzee. Sijapona."

Miguno ikapita kwenye mabenchi.

"Sijapona! Daktari hajajua jina, na mwezi ujao huenda nikawa kitandani. Nikipanda nitameza hivi, nikishuka nitameza vile. Lakini nimefunguliwa! Mikono yangu imetulia, na Bwana yuko nami! Itatetemeka tena labda, na Bwana atakuwa nami! Simtafuti tena kwenye vidole!"

Palikuwa kimya hata nikasikia mabati yakipasuka kwa joto. Ndipo Mzee Enoka akaanza kupiga makofi, makofi yake ya kukosakosa, kiganja kimoja kikitafuta kingine. Mpiga ngoma akamfuata. Na kanisa lote likainuka!

Wiki ile ile Mama Laban alikuja kwenye cherehani. Alisema ameleta kanzu ipunguzwe. Kanzu haikuwa na shida yoyote. Alikaa, akakunja kilemba, akakikunjua.

"Huyo daktari wako," akasema, "huona watu siku gani?"

Sikumuuliza kwa nini. Nilifunga cherehani, tukaenda pamoja.

Miaka imepita mingi. Tezi yangu imeendelea na visa vyake. Daktari mmoja aliupa ugonjwa jina, mwingine akalibadilisha, wa tatu akasema labda ni yote mawili, na kwa muda sasa tezi imelala, ndiyo maana ya kidonge cha asubuhi. Huenda ikaamka. Nimejifunza kungoja majibu bila kumngoja Mungu, kwa maana yeye hayuko kwenye foleni ile. Ameketi nami kwenye benchi.

Wewe unayesoma, labda mwili wako nao hupanda na kushuka, na hakuna aliyekwambia ni nini. Labda walio karibu nawe wamekuita mtakatifu wiki iliyopita, na mvivu wiki hii. Nenda hospitali, na wakikosa jibu rudi tena, si haya wala si ukosefu wa imani. Na unapongoja, mtumaini Bwana. Usimtumaini kwa kuwa unamsikia. Mtumaini hata usipomsikia, umwambie tu kwamba uko hapo. Ndugu yangu, jaribu! Jaribu leo, hata ukiwa umelala!

Bwana akubariki katika siku zako za nguvu na katika siku ambazo kuinua kikombe ni kazi. Awabariki wanaokuuguza, na awape madaktari wako subira ya kusema "bado sijui" na akili ya kuendelea kutafuta. Akupe usingizi mtamu, akupe hamu ya chakula, akupe mtu wa kukuchekesha. Na jina la ugonjwa wako likijulikana au lisijulikane, jina lako wewe analijua, na amani yake ikae nawe nyumbani mwako. Amina, na amina tena!